Elementi isiyozidiwa na elementi iliyo kubwa kuliko zote: je, ni kitu kimoja katika seti yenye mpangilio?

Mwalimu wa Ujiji (Kigoma) – Swali

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninafundisha hisabati katika shule ya sekondari hapa Kigoma, na kwa sasa ninajisomea nadharia ya seti kwa nia ya kuendelea na masomo. Kuna jambo moja ambalo kwa macho linaonekana jepesi, lakini kila ninapolishika linaniponyoka, na ningependa wenye ujuzi wanisaidie kulikamata.

Ninavyoelewa, seti huwa na mpangilio wa sehemu pale inapopewa uhusiano, tuuandike ≤, unaotimiza masharti matatu. Kila elementi ina uhusiano huo na yenyewe. Kama a ≤ b na pia b ≤ a, basi a na b ni elementi moja. Na kama a ≤ b na b ≤ c, basi a ≤ c. Hapo sina tatizo. Tatizo linaanza ninapokutana na istilahi mbili ambazo wahisabati hawakubali kabisa zichanganywe. Elementi m ni kubwa kuliko zote ikiwa x ≤ m kwa kila x iliyomo katika seti. Elementi m haizidiwi ikiwa hakuna x nyingine katika seti ambayo m ≤ x. Nikiyasoma maelezo haya mawili kwa kasi ya kawaida naona yanasema jambo lile lile, kwa kuwa asiyezidiwa na yeyote ndiye mkubwa wa wote. Hata hivyo inasisitizwa kwamba seti inaweza kuwa na elementi nyingi zisizozidiwa, ilhali haiwezi kuwa na zaidi ya moja iliyo kubwa kuliko zote.

Nimejaribu kujitengenezea mfano. Nimechukua namba kuanzia 2 hadi 12 na kuamua kwamba a ≤ b maana yake ni kuwa a inaigawanya b bila baki. Nimepata kwamba 7, 8, 9, 10, 11 na 12 zote hazizidiwi, kwa sababu kigawe kinachofuata cha kila moja kinavuka 12 na kutoka nje ya seti. Nilipogeukia upande wa chini, nikatafuta zile ambazo hakuna namba nyingine ndani ya seti inayozigawanya, nimepata 2, 3, 5, 7 na 11, yaani namba tasa zote zilizomo. Sasa 7 na 11 zimetokea pande zote mbili. Je, elementi moja inaweza kuwa ya juu kabisa na ya chini kabisa kwa wakati mmoja?

La mwisho, na ndilo linalonisumbua zaidi: nikikuta seti yenye elementi moja tu isiyozidiwa, je, ninaruhusiwa kuandika moja kwa moja kwamba hiyo ndiyo kubwa kuliko zote?

Kazeh (Tabora)

Mwalimu, mfano wako hauna kasoro yoyote, na matokeo yote uliyoyapata ni sahihi, pamoja na hilo la 7 na 11. Kinachokusumbua ni mazoea tuliyoyapata katika namba za kawaida, ambako ukichukua namba mbili zozote, lazima moja iwe ndogo au sawa na nyenzake. Ukizoea hivyo, kusema "m haizidiwi na x" na kusema "x ni ndogo au sawa na m" huwa ni kauli moja. Katika mpangilio wa sehemu kuna uwezekano wa tatu: m na x zikawa hazilinganishiki kabisa, hii haiko chini ya ile wala ile haiko chini ya hii. Hapo kauli ya kwanza ni ya kweli na ya pili si ya kweli, na pengo lote kati ya istilahi zako mbili limo humo.

Kwa kuwa wewe uko Kigoma nami niko Tabora, tutumie reli yetu ya kati, ile ya zamani iliyofika hapa Tabora mwaka 1912 na kwenu mwaka 1914. Chukua seti ya vituo hivi: Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Tabora, Kaliua, Kigoma, Mpanda, Shinyanga na Mwanza. Tuseme A ≤ B ikiwa A na B ni kituo kimoja, au ikiwa treni inayotoka Dar es Salaam kwenda B ni lazima ipite A kwanza. Utaona kwamba masharti matatu yanatimia bila kulazimisha. Tabora ≤ Kigoma, kwa kuwa hakuna treni ya kwenda Kigoma isiyopita Tabora. Kaliua ≤ Mpanda, kwa kuwa tawi la Mpanda linachepukia Kaliua. Shinyanga ≤ Mwanza, kwa sababu hiyo hiyo ya njia.

Sasa uliza: je, Kigoma inazidiwa? Haizidiwi, kwa maana hakuna kituo katika seti ambacho treni hukifikia baada ya kupita Kigoma. Mbele ya hapo ni ziwa. Lakini Mpanda nayo haizidiwi, na Mwanza haizidiwi. Tuna elementi tatu zisizozidiwa. Je, mojawapo ni kubwa kuliko zote? Ili Kigoma iwe kubwa kuliko zote ingelazimu Mwanza ≤ Kigoma, yaani abiria wa Kigoma apelekwe kwanza Mwanza, jambo ambalo hata ratiba mbovu namna gani haijawahi kulifanya. Kwa hiyo seti hii haina elementi iliyo kubwa kuliko zote. Upande wa chini mambo ni tofauti: Dar es Salaam ≤ kila kituo, hivyo ndiyo ndogo kuliko zote, na ni moja tu.

Kuhusu kwa nini haiwezi kuwa zaidi ya moja, uthibitisho wake ni wa mstari mmoja. Kama m na n zote ni kubwa kuliko zote, basi n ≤ m kwa sababu m ni kubwa kuliko zote, na m ≤ n kwa sababu n ni kubwa kuliko zote. Sharti la pili ulilolitaja linatulazimisha kukiri kwamba m na n ni elementi moja. Pia, elementi iliyo kubwa kuliko zote haizidiwi daima, na zaidi ya hapo inakuwa ndiyo pekee isiyozidiwa. Kwa hiyo safari ya kutoka istilahi ya kwanza kwenda ya pili ni salama siku zote. Hatari iko katika kurudi.

Kuhusu 7 na 11, ungeuona mfano huo huo kwenye reli kama tungeondoa vituo vyote isipokuwa Kigoma na Mwanza. Kila kimoja kingekuwa hakizidiwi wala hakitanguliwi, kwa kuwa hakina jirani wa kulinganishwa naye. Maneno "juu" na "chini" yanatupoteza, kwa sababu tunafikiria ghorofa, wakati kisemwacho ni kwamba hakuna elementi nyingine inayohusiana na 7 kwa upande wowote ndani ya seti hiyo. Panua seti hadi 14, na 7 itazidiwa mara moja na 14. Ndiyo maana si sahihi kusema "7 haizidiwi" bila kutaja seti na uhusiano unaozungumzia.

Nikuongezee jambo moja ambalo reli inalionyesha vizuri kuliko vitabu vingi. Ukichukua Kigoma na Mwanza na kuuliza ni vituo vipi viko chini ya vyote viwili, utapata Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma na Tabora. Hiyo inaitwa mipaka ya chini ya seti ndogo yenye Kigoma na Mwanza, na iliyo kubwa kuliko mipaka hiyo yote ni Tabora. Ukichukua Kigoma na Mpanda, jibu linakuwa Kaliua. Kumbe kituo cha makutano ya reli, kwa lugha ya mpangilio, si kingine bali ni mpaka wa chini ulio mkubwa kuliko mingine yote. Mpaka wa juu wa Kigoma na Mwanza, kwa upande mwingine, haupo kabisa, si mkubwa wala mdogo.

Mama Hesabu wa Isevya (Tabora)

Nimefurahi kuona mfano wa reli, lakini mimi ningependa tubaki kidogo kwenye mfano wa Mwalimu mwenyewe, kwa sababu uhusiano wa kugawanya bila baki una utajiri ambao sisi tunaofundisha shule za msingi tunaupita kila mwaka bila kuuona.

Watoto wa darasani hutafuta Kigawe Kidogo cha Shirika na Kigawo Kikubwa cha Shirika, zile KDS na KKS, na tunawaambia kwamba KDS ya 4 na 6 ni 12 kwa sababu katika orodha ya vigawe vya shirika, yaani 12, 24, 36 na kuendelea, 12 ndiyo ndogo. Hiyo ni kweli katika mpangilio wa kawaida wa namba. Lakini angalia jambo jingine: 12 inaigawanya 24, inaigawanya 36, na inakigawanya kila kigawe cha shirika cha 4 na 6 bila kubakiza chochote. Kwa mpangilio wa Mwalimu, 12 ndiyo mpaka wa juu wa 4 na 6 ulio mdogo kuliko mingine yote. Vivyo hivyo KKS ya 4 na 6, ambayo ni 2, ni mpaka wao wa chini ulio mkubwa kuliko mingine yote, kwa kuwa kila kigawo cha shirika kinaigawanya 2. Tabora na Kaliua za ndugu Kazeh ni KKS za reli.

Ninasisitiza hili kwa sababu neno "kikubwa" ndani ya KKS linaweza kusomwa kwa mipangilio miwili, na kwa namba kuanzia 1 na kuendelea majibu yanalingana. Yanatengana mara tu unapoikaribisha sifuri. Kila namba inaigawanya 0, kwa maana 0 ni 5 mara 0, ni 9 mara 0, na ni namba yoyote uitakayo mara 0. Ukitafuta KKS ya 0 na 0 kwa mpangilio wa kawaida, unakwama, kwa kuwa vigawo vya shirika ni namba zote na hakuna iliyo kubwa kuliko zote. Ukiitafuta kwa mpangilio wa kugawanya, jibu linapatikana bila shida nalo ni 0 yenyewe, kwa sababu katika mpangilio huo 0 iko juu ya namba zote! Mwanafunzi akikuuliza ni namba gani iliyo kubwa kuliko zote, una haki ya kumjibu kwamba inategemea mpangilio, na kwamba katika mpangilio mmoja unaoheshimika sana jibu ni sifuri. Mimi nimewahi kulisema hilo mbele ya walimu wenzangu na nusu yao walidhani ninatania.

Mwalimu, ningekushauri pia uchore. Weka 1 chini kabisa, juu yake namba tasa, na uvute mstari kutoka namba moja hadi nyingine pale tu ambapo hakuna namba ya kati baina yao. Kwa mfano, kutoka 2 uende 4 na 6, lakini usivute mstari kutoka 2 hadi 12, kwa sababu njia hiyo tayari inapitia 4 au 6. Mchoro wa namna hiyo huitwa mchoro wa Hasse, kwa jina la Mjerumani Helmut Hasse, ingawa si yeye wa kwanza kuutumia. Ukichora vigawo vya 12 peke yake, yaani 1, 2, 3, 4, 6 na 12, utaona mchoro unaofungwa juu kwa 12 na chini kwa 1. Ukichora namba 2 hadi 12 za mfano wako, utaona mchoro uliotawanyika, wenye 7 na 11 zimesimama peke yake pembeni bila mstari hata mmoja. Baada ya kuutazama mchoro huo hutakuwa na haja ya kuuliza tena kuhusu juu na chini.

Mwalimu wa Ujiji (Kigoma)

Nawashukuru sana, kaka Kazeh na Mama Hesabu. Nimechora, na 7 na 11 kweli zimebaki peke yake kama mlivyosema. Suala la kutolinganishika limenikaa sawa.

Bado ningependa mtu anijibu lile la mwisho. Ndugu Kazeh amesema kurudi ni hatari, na mfano wake una elementi tatu zisizozidiwa, hivyo hatari inaonekana wazi. Lakini kama isiyozidiwa ni moja tu, hatari iko wapi? Nimejaribu kutunga seti yenye elementi moja pekee isiyozidiwa ambayo si kubwa kuliko zote, na kila nikijaribu kwa namba chache ninashindwa. Je, kushindwa kwangu ni uthibitisho, au ni upungufu wa ubunifu?

Kijana wa Mwanga (Kigoma)

Shikamooni walimu wangu. Mimi bado ni mwanafunzi wa chuo, nyumbani ni hapa hapa Kigoma mjini, na swali hili tumelijadili muhula uliopita, kwa hiyo naomba nilijibu.

Mwalimu, umeshindwa kwa sababu umetumia namba chache, na kwa seti yenye ukomo haiwezekani kabisa. Uthibitisho ni huu. Tuseme seti ina ukomo na m ndiyo elementi pekee isiyozidiwa. Chukua x yoyote. Kama x si m, basi x inazidiwa na elementi fulani, tuiite x1. Kama x1 si m, nayo inazidiwa na x2, na kuendelea hivyo. Katika kupanda huku huwezi kurudi kwenye elementi uliyokwisha kuipita, maana ungekuwa na a ≤ b na b ≤ a kwa elementi mbili tofauti, na sharti la pili linakataza. Kwa kuwa elementi zina ukomo, lazima ufike mahali pa kusimama, na mahali pa kusimama ni elementi isiyozidiwa, ambayo ni m tu. Basi x ≤ m. Kwa kuwa x ilikuwa yoyote, m ni kubwa kuliko zote.

Kila hatua ya uthibitisho huo inasimama juu ya neno "ukomo". Liondoe neno hilo, na ngazi inaweza kupanda milele bila kufika popote. Tukitumia mpangilio wako wa kugawanya, chukua seti yenye 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kuzidisha kwa 2 bila mwisho, kisha uongeze namba 3 peke yake. Namba 3 haizidiwi, kwa kuwa hakuna namba katika orodha ile inayogawanyika kwa 3. Nyingine zote zinazidiwa, kila moja na inayoifuata. Kwa hiyo 3 ndiyo pekee isiyozidiwa. Je, ni kubwa kuliko zote? Hata kidogo, maana 2 haiigawanyi 3. Kwa kweli 3 hailinganishiki na yeyote humo ndani; imepata sifa ya kutozidiwa kwa sababu ya upweke wake, nao wenzake wameikosa kwa sababu kila mmoja ana mkubwa wake.

Hapa ndipo inapoingia lema ya Zorn, ambayo Kazimierz Kuratowski aliithibitisha katika sura inayokaribiana nayo mwaka 1922 na Max Zorn akaichapisha mwaka 1935. Inasema kwamba kama kila mnyororo katika seti yenye mpangilio wa sehemu una mpaka wa juu ndani ya seti hiyo, basi seti ina elementi isiyozidiwa. Mnyororo ni seti ndogo ambayo elementi zake zote zinalinganishika, kama vituo vya kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Katika mfano wangu, mnyororo wa 2, 4, 8, 16 na kuendelea hauna mpaka wa juu ndani ya seti, ndiyo sababu kupanda hakukuishia popote. Kama sharti la minyororo lingetimia, tungeweza kuthibitisha zaidi ya hapo, yaani kila x ina elementi isiyozidiwa iliyo juu yake, na hapo elementi pekee isiyozidiwa ingekuwa kubwa kuliko zote hata katika seti isiyo na ukomo.

Naomba mwangalie vizuri kwamba lema hiyo inaahidi elementi isiyozidiwa, haiahidi iliyo kubwa kuliko zote. Mwalimu wetu wa chuo alitukata alama wengi kwa kubadilisha istilahi hiyo moja katika jibu la mtihani, na nilipoona hasara yake nikakubali kwamba ilikuwa haki. Chukueni vekta katika bapa. Seti ya vekta zisizotegemeana, yaani ambazo hakuna hata moja inayoweza kupatikana kwa kuzidisha nyingine kwa namba na kuzijumlisha, inaweza kuwa ile yenye (1, 0) na (0, 1), au ile yenye (1, 0) na (1, 1). Tukizipanga seti hizi kwa kigezo kwamba moja imo ndani ya nyingine, zote mbili hazizidiwi, kwa sababu ukiongeza vekta ya tatu yoyote, kutotegemeana kunavunjika. Lakini wala ya kwanza haimo ndani ya ya pili, wala ya pili haimo ndani ya ya kwanza. Seti isiyozidiwa ya namna hiyo ndiyo huitwa msingi wa nafasi ya vekta, na kila mwanafunzi anajua kwamba misingi ni mingi. Anayesema lema ya Zorn inatoa "kubwa kuliko zote" anakuwa amesema, bila kukusudia, kwamba kila nafasi ya vekta ina msingi mmoja tu.

Kazeh (Tabora)

Vyema kabisa, kijana. Mfano wa 3 pamoja na 2, 4, 8 nitauchukua, kwa ruhusa yako, maana ule niliokuwa nao mimi ulihitaji kubuni alama mpya isiyo namba.

Nina tahadhari moja tu kwa Mwalimu kuhusu matumizi. Katika somo la namba halisi watu huandika istilahi hizi mbili kana kwamba ni moja, na hawakosei, kwa kuwa mpangilio wa namba halisi ni wa mstari: kila mbili zinalinganishika. Kama m haizidiwi, na x ni namba yoyote katika seti, basi ama x ≤ m au m iko chini ya x. La pili limekatazwa, linabaki la kwanza. Kwa hiyo usishangae ukikuta mwandishi wa kalkulasi anayechanganya, na usimsahihishe bure. Suala la kuangalia huko ni jingine: seti ya namba zote halisi kuanzia 0 na zilizo chini ya 1 haina elementi isiyozidiwa wala iliyo kubwa kuliko zote, kwa sababu baina ya namba yoyote humo na 1 daima kuna nyingine. Ina mpaka wa juu ulio mdogo kuliko mingine yote, ambao ni 1, lakini 1 haimo ndani ya seti.

Na tusisahau kwamba seti ile ile inaweza kubeba mipangilio mingi. Vituo vyangu vya reli, nikivipanga kwa kilometa za reli kutoka Dar es Salaam badala ya kwa kupitana, vinakaa kwenye mstari mmoja na mjadala wote huu unafutika.

Mwalimu wa Ujiji (Kigoma)

Sasa nimeelewa, na ninaona kwamba nilipaswa kuuliza kwanza kama seti ina ukomo. Naomba kuuliza la nyongeza kwa kuwa liko jirani. Nimeona aina ya mpangilio ambapo kila seti ndogo isiyo tupu hudaiwa kuwa na elementi iliyo ndogo kuliko zote. Kwa nini wameweka "ndogo kuliko zote" na si "isiyotanguliwa", yaani ambayo hakuna nyingine iliyo chini yake? Je, hapo pia tofauti ina uzito?

Mama Hesabu wa Isevya (Tabora)

Ina uzito mkubwa, Mwalimu, na ukiibadilisha unapata dhana nyingine kabisa.

Anza na namba 1, 2, 3 na kuendelea katika mpangilio wako wa kugawanya. Kila seti ndogo isiyo tupu ina elementi isiyotanguliwa: chukua tu ile iliyo ndogo kwa mpangilio wa kawaida, na hakuna nyingine ndani ya seti inayoweza kuigawanya, kwa kuwa kigawo hakizidi namba yenyewe. Lakini si kila seti ndogo ina iliyo ndogo kuliko zote. Seti yenye 2 na 3 inakataa, maana 2 haiigawanyi 3 wala 3 haiigawanyi 2. Kwa hiyo mpangilio wa kugawanya unakidhi sharti la "isiyotanguliwa" na unashindwa sharti la "ndogo kuliko zote". Hata hivyo, sharti hilo hafifu si la kudharauliwa. Linatosha kuhakikisha kwamba huwezi kuteremka bila mwisho, na hilo ndilo linalotuwezesha kuthibitisha kwamba kila namba iliyo kubwa kuliko 1 inagawanyika kwa namba tasa fulani: unateremka kutoka kigawo hadi kigawo ukiiacha 1 nje, na pale unaposimama pana namba tasa.

Sharti lenye nguvu zaidi, lile uliloliona wewe, lina jambo la kupendeza ndani yake. Halitaji popote kwamba elementi zote zilinganishike, lakini linalazimisha hivyo. Chukua elementi mbili zozote, a na b, na uzitie katika seti ndogo ya peke yake. Seti hiyo si tupu, kwa hiyo lazima iwe na iliyo ndogo kuliko zote. Kama ni a, basi a ≤ b. Kama ni b, basi b ≤ a. Mpangilio umekuwa wa mstari bila kuombwa. Ukiweka "isiyotanguliwa" mahali pa "ndogo kuliko zote", hoja hiyo inaanguka hapo hapo.

Lakini usidhani kwamba mpangilio wa mstari unatosha kwa upande wake. Namba kamili, zikiwemo hasi, zinalinganishika zote, lakini seti nzima haina iliyo ndogo kuliko zote, kwa sababu chini ya kila namba hasi kuna nyingine. Zipange upya kwa kufuata 0, 1, -1, 2, -2, 3, -3 na kuendelea, ukihesabu kwamba iliyotangulia katika orodha ndiyo ndogo, na sharti linatimia: katika seti ndogo yoyote isiyo tupu, ile inayotokea kwanza kwenye orodha ndiyo ndogo kuliko zote. Georg Cantor aliamini tangu mwaka 1883 kwamba seti yoyote inaweza kupangwa upya kwa namna inayokidhi sharti hilo, na Ernst Zermelo akatoa uthibitisho mwaka 1904 akitumia aksiomu ya uchaguzi, yaani kanuni inayokubali kwamba kutoka kila seti katika kundi lolote la seti zisizo tupu unaweza kuchagua elementi moja. Aksiomu hiyo ina nguvu sawa na lema ya Zorn aliyoitaja kijana wetu, yaani kila moja inaweza kuthibitishwa kutokana na nyingine. Uthibitisho wa Zermelo unazihusu pia namba halisi, ila unasema tu kwamba mpangilio wa namna hiyo upo. Orodha yenyewe hauionyeshi.